Kabla Hujalilia Mtaji, Nioneshe Daftari



Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha vijana wa tawi letu hapa Mbinga mjini. Ajenda ilikuwa moja tu, uchumi wa kijana. Tulikuwa kama ishirini hivi, tumebanana kwenye kachumba ka ofisi, na kila aliyesimama alisema kitu kilekile kwa maneno tofauti: tatizo letu ni mitaji. Serikali haitupi mitaji, benki zinataka hati ya nyumba, wazee wameshikilia mashamba ya kahawa. Makofi. Anayefuata. Makofi.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwanachama wa siku nyingi ambaye huwa hasemi sana, akaomba nafasi. Akauliza swali moja: "Wanangu, huo mtaji mnaoutaka ni shilingi ngapi?"

Kimya.

Kijana mmoja akajitosa, milioni mbili. Mzee akamuuliza za nini, akajibu biashara. Biashara gani? Akasema yoyote tu inayolipa. Watu wakacheka, mzee hakucheka. Akasema, "Basi hata mimi ningekuwa benki nisingekupa," akakaa.

Swali lile liliniuma kwa sababu mimi ni mmoja wa waliopiga makofi, na mimi ndiye nilipaswa kujua zaidi. Nimeshaua biashara moja kwa mikono yangu. Sikuwahi kuisimulia kwenye kikao chochote maana jukwaani tunapenda kusimulia jinsi serikali inavyotuua, si jinsi tunavyojiua. Leo nasimulia.

Ilikuwa usipa. Nilikuwa na laki tano. Sehemu nilipewa na mzee wangu alipouza kahawa, sehemu niliweka mwenyewe kwa vibarua. Mpango wangu ulikaa wote kichwani: teremka Mbamba Bay, nunua usipa mkavu, panda nao Mbinga, uza. Lami ipo, mabasi yapo, ni kilomita 67 tu. Kule ziwani debe nilinunua 38,000 kwa bei ya siku hizo. Mbinga sado ilikuwa inauzwa 10,000, na debe moja ni sado tano. Hesabu ya kijiweni: madebe kumi ni laki tatu na themanini, nauza laki tano, faida laki na ishirini kwa wiki moja. Zidisha mara nne, karibu nusu milioni kwa mwezi. Mwalimu wangu wa shule ya msingi hakuwa anapata hiyo. Nilishaanza kuangalia bei ya pikipiki.

Sasa ngoja nikuoneshe kilichotokea, kwa namba nilizokuja kuandika baadaye sana, nimeshachelewa.

Nauli yangu kwenda na kurudi 10,000. Nililala gesti siku mbili kwa sababu nilifika wiki ya mbalamwezi bila kujua maana yake, 20,000. Chakula 12,000. Magunia matano ya kubebea 5,000. Kusafirisha mzigo 15,000. Wapagazi wa kupandisha na kushusha 5,000. Ushuru njiani 10,000. Ushuru wa meza sokoni jero kwa siku, siku sita, 3,000. Makato ya kutuma na kutoa hela kwenye simu 6,000. Jumla 86,000.

Hapo bado sijakuambia kilichonimaliza kabisa, nacho ni kilemba. Mteja wa Mbinga hanunui sado iliyosawazishwa. Anataka ijae mpaka ichongoke, halafu ukishamimina kwenye mfuko anadaka kiganja kingine cha nyongeza huku anakuita "mwanangu", na wewe utamkatalia vipi mama anayekuita mwanangu? Debe langu halikutoa sado tano. Lilitoa nne na nusu. Kwa madebe kumi nimepoteza sado tano, yaani elfu hamsini ambayo haikuandikwa popote.

Kwa hiyo mauzo yalikuwa 450,000. Toa 380,000 ya usipa, toa 86,000. Nimepata hasara ya 16,000. Na hapo sijahesabu 30,000 ya turubai, meza na sado mbili nilizonunua kabla sijaanza.

Lakini unajua nilichoona mimi siku ile? Niliona noti. Nilitoka na usipa wa laki tatu na themanini, nimeshika laki nne na nusu, nikajiambia nimepata sabini elfu. Nikanunua viatu. Nikawatoa washkaji. Safari ya pili nikanunua madebe nane, nikidhani ni mimi nimeamua kupunguza. Safari ya tano nilishuka na hela ya madebe matatu. Hiyo ndiyo tunaita kula mtaji, na ubaya wake ni kwamba haiumi. Mtu anayekula mtaji anashiba kila siku mpaka siku ya mwisho.

Nilipofilisika nililaumu tozo. Nililaumu chama tawala. Nakumbuka niliandika hadi posti ndefu, ikapata likes nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa kule Mbamba Bay anayeanika usipa, niliyekuwa nanunua kwake. Hakusoma zaidi ya darasa la saba. Ana daftari la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limelowa samaki hadi linanuka, na ndani yake kila kitu kipo. Aliniuliza, "Mwanangu, hivi wewe ukinunua debe kwangu, likifika Mbinga linakuwa limekugharimu shilingi ngapi?" Nikasema 38,000. Akasema hapana, hiyo ni bei yangu mimi, nimekuuliza yako wewe. Tukakaa chini kwenye mchanga tukapiga.

Somo lake lilikuwa hivi, na ndilo ningependa kila kijana wa tawi aelewe kabla ya kushika hela ya mtu. Kuna gharama zinazofuata debe, na kuna gharama zinazokufuata wewe. Zinazofuata debe: lenyewe 38,000, gunia, nauli ya mzigo, ushuru wa njiani, mpagazi. Jumla 41,500 kwa debe. Debe nikiliuza linaniletea 45,000. Kwa hiyo kila debe linaniachia 3,500. Zinazokufuata wewe: nauli yako, gesti, ugali wako, meza, makato ya simu. Hizo ni 51,000, nikibeba debe moja ni hizohizo, nikibeba hamsini karibu ni hizohizo. Sasa gawanya 51,000 kwa 3,500. Unapata karibu kumi na tano.

Maana yake, ili nirudi nilipoanzia tu, bila faida hata shilingi, nilitakiwa kubeba madebe kumi na tano. Mimi nilibeba kumi. Nilipanda basi nikiwa nimeshapata hasara na sijui, kabla hata sijauza sado ya kwanza. Ningeweza kuwa mchapakazi kuliko wote soko zima na bado ningefilisika.

Kamanda, kama unafikiria biashara yoyote, kuku, chipsi, saluni, mitumba, nguo za kutandaza, tafuta hiyo namba yako. Kila kimoja unachouza kinakuachia shilingi ngapi baada ya gharama zake? Gharama zako wewe za mwezi ni ngapi hata usipouza kitu? Gawanya. Ukiona unahitaji kuuza sahani themanini za chipsi kwa siku na kijiwe chako kina watu arobaini, huna haja ya mtaji. Una haja ya kubadilisha wazo.

Na hapo ndipo laki tano yangu ilipotakiwa kupangwa upya. Mtaji si fungu moja. Kuna hela ya vitu unavyonunua mara moja, meza, turubai, mizani. Kuna hela ya kuzungusha, ndiyo inayoenda kwenye usipa na kurudi. Na kuna hela ya siku mbaya. Hii ya tatu kwetu huku haikwepeki. Usipa unavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa haufanyi kazi na wavuvi wanapumzika. Miezi ya upepo wa kusini, kuanzia wa tano hadi wa nane, ziwa linachafuka siku nyingine hakuna anayeingia. Mvua ikinyesha usipa ukiwa bado umeanikwa, ule ni hasara, unabaki wa kulisha kuku. Mtu aliyeandika mpango wa biashara ya usipa wenye mauzo sawa kila wiki kwa wiki 52, huyo hajawahi kulifika ziwa hili.

Nilipoanza tena nilianza na laki nne na nusu, na safari hii sikushuka mimi. Mama alijaza, akapeleka mzigo kwenye basi, nikamlipa jero kwa kila debe. Gesti ikafutika, nauli ikafutika. Na sikuuza kwa sado. Nilifunga mafungu ya buku kwenye karatasi, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019. Debe likanitolea mafungu 55. Fungu halina kilemba. Madebe kumi yakachukua siku kumi na nane badala ya sita, lakini yakaleta 550,000. Toa 42,000 kwa kila debe, toa makato ya simu 6,000, toa meza 9,000, toa karatasi 5,000. Ikabaki 110,000.

Nikafurahi, nikamwambia mama kwenye simu. Akaniuliza, "Na wewe umejilipa?" Sikuelewa. Akasema hizo siku kumi na nane ungeenda kuchuma kahawa ya watu ungelipwa, kwa hiyo usiseme hiyo yote ni faida. Nikajiandikia kibarua cha 5,000 kwa siku, 90,000. Faida ya biashara ikabaki elfu ishirini.

Elfu ishirini. Inaonekana kama mzaha. Lakini ilikuwa elfu ishirini ya kweli, ya kwanza maishani mwangu, na nilikuwa nimeshakula siku zote kumi na nane kwa mshahara wangu mwenyewe.

Najua kuna kamanda hapo ameshakunja uso. Anasema huyu ameanza kuongea kama mkuu wa wilaya. "Vijana jiajirini, acheni kulalamika." Hapana. Ngoja tumalizie hesabu, maana hesabu ikiandikwa vizuri haimuachi mtu salama.

Kwenye mzunguko ule wa siku kumi na nane, ushuru wa njiani ulikula 10,000 na ushuru wa meza ukala 9,000. Jumla 19,000. Faida yangu ilikuwa 20,000. Yaani kwenye biashara yangu nina mbia ambaye hakuweka mtaji, hakuamka saa kumi usiku kupokea basi, mzigo ukilowa hahusiki, na tunagawana karibu nusu kwa nusu. Soko lenyewe mvua ikinyesha tunakusanya bidhaa na kukimbilia kwenye vibaraza vya watu. Hilo ni swali halali la kumuuliza diwani yeyote, na nitamuuliza nikiwa na daftari mkononi. Tofauti ya "ushuru ni mkubwa" na "ushuru unachukua 19,000 kwenye kila 39,000" ni kwamba ya kwanza atajibu kwa hotuba. Ya pili itabidi ajibu kwa namba.

Na hapohapo kwenye kodi kuna jambo linaloniudhi zaidi, na hili ni letu. Kwa viwango vilivyowekwa 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni nne hatozwi kodi ya mapato. Kati ya milioni nne na saba, asiye na kumbukumbu analipa laki moja kamili. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne. Chukua mizunguko yangu, tuseme kumi na mbili kwa mwaka, mauzo 6,600,000. Bila daftari nalipa 100,000. Nikiwa na daftari ni asilimia 3 ya 2,600,000, yaani 78,000. Daftari la buku na jero limeniokolea 22,000, zaidi ya faida ya mzunguko mzima. Viwango hubadilika na bajeti za kila mwaka, kwa hiyo uliza vya mwaka wako kabla ya kulipa. Lakini wangapi kati yetu tunaopiga kelele za kodi tuna daftari? Tunalipa faini ya uvivu halafu tunaita ukandamizaji.

Sasa niingie kwenye mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi. Hii si hisani ya mtu. Ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa 2018: halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 ikasimamishwa baada ya ripoti za CAG kuonesha madudu, hela zisizorudi na vikundi visivyoeleweka. Ilirudi 2024. Mkiambiwa na chawa wa kijiweni kwamba mama ameleta hela, waambieni ni ushuru wa usipa wetu unarudi kwetu, tena kama deni.

Lakini kuna kikundi cha wenzetu, sitataja kijiji, walichukua mkopo huo kwa ajili ya kuku wa nyama. Andiko la mradi walinunua stationery. Ndiyo, linauzwa, limeshachapwa, unabadilisha jina la kikundi tu. Nililisoma baadaye. Kifaranga hafi hata mmoja. Wote wanauzwa siku ya ishirini na nane kwa bei moja. Na hakuna hata mstari mmoja wa mkaa wa kupasha banda joto. Aliyeliandika alikuwa Dar es Salaam, kwa nini aandike mkaa? Wao vifaranga vyao vilifika mwezi wa sita, Mbinga, baridi ya Umatengo unayoijua. Zaidi ya nusu vilikufa ndani ya wiki mbili. Walinunua mkaa kwa hela ya chakula cha kuku, kisha wakakosa chakula.

Wale vijana walikuwa moto kwenye mikutano yetu. Leo hawaji. Mmoja aliniambia waziwazi, "Kaka, mimi nadaiwa na ofisi ile, nikionekana na nyie wataanza na mimi." Sijui kama kweli wangeanza naye. Yeye anaamini hivyo, inatosha. Makamanda, tumepoteza vijana tisa, na hakuna polisi aliyerusha bomu la machozi. Walipotezwa na gunia la mkaa ambalo halikuandikwa.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba mambo haya ya daftari ni ya semina za wajasiriamali, si ya chama. Kijana asiyejua anachopata anapewa fulana na elfu tano siku ya mkutano wa wakubwa, na anaona ni faida. Kwa hesabu yake ni faida kweli, hana nyingine ya kulinganisha nayo.

Angalia kahawa. Sisi watoto wa wakulima tunajua magoma ni nini. Kagera wanaita butura. Mzee ana shida ya ada mwezi wa kwanza, kahawa itaanza kuchumwa katikati ya mwaka, anakuja mtu na hela anainunua ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Serikali inaita ni biashara haramu na kila msimu viongozi wanakuja kufoka. 2018 wakaagiza kahawa yote ipitie vyama vya msingi. Magoma hayajafa, kwa sababu kufoka hakulipi ada ya mwezi wa kwanza. Ni tatizo la kalenda: hela inaingia mara moja kwa mwaka na shida zinaingia kila mwezi. Mzee aliyegawa hela ya msimu kwenye bahasha kumi na mbili hauzi maua. Ni wachache, lakini wapo, na ukiwauliza utakuta wameandika mahali. Babu zao walichimba ngoro kwenye miteremko ile ile, wakipanga nyasi, udongo na maharage kwa mzunguko wa miaka miwili. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Tulijifunza wapi kubahatisha sisi?

Na pikipiki. Hela ya kahawa ikitoka, mwezi wa tisa Mbinga nzima inanguruma. Rafiki yangu hakuwa na hela taslimu, akachukua ya mkataba: buku kumi kila siku kwa siku 420. Pikipiki hiyohiyo dukani ilikuwa 2,800,000. Atalipa 4,200,000. Milioni moja na laki nne ni bei ya kutokuwa nayo leo. Sisemi asichukue. Huenda inalipa. Ila nilipomuuliza matairi, oili, siku za mvua na siku za kuumwa zimekaa wapi kwenye hesabu, akaniambia, "Hesabu si ndiyo hiyo kumi ninayompelekea bosi?" Tumefika mahali neno hesabu lina maana ya hela unayompelekea mwingine.

Nirudi kwa serikali kidogo, maana sitaki msome mpaka hapa mkadhani nimehama. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imesaidia, nitakuwa mwongo nikikataa. Enzi za vumbi na matope mzigo ulikuwa unafika umelowa. Imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ambao tutaulipa sisi, lakini imesaidia. Sasa inajengwa bandari Mbamba Bay, zaidi ya shilingi bilioni 70. Mkutano ule wa uzinduzi tuliambiwa fursa zinakuja. Fursa ya nani? Mama yangu wa usipa anaanika chini kwenye mchanga hadi leo. Chanja za kuanikia, zile za miti na nyavu kuukuu zinazoinua samaki juu ya mchanga, mvua ikija unafunika turubai dakika mbili, si teknolojia ya kwenda mwezini. Nimepiga hesabu: kama angekuwa na chanja na akapunguza kuharibikiwa debe moja tu katika kila kumi, kwa bei ile ni 38,000 imeokolewa. Hakuna mkopo unaomletea hiyo. Halmashauri yenye akili ingeanza na chanja kabla ya semina. Upinzani wenye akili ungedai chanja kwa idadi na kwa bei, kijiji kwa kijiji, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay, badala ya kudai "fursa" kama wao.

Ndiyo maana nimepeleka pendekezo kwenye kamati ya tawi, na nawaomba wa matawi mengine mlipime. Kila kijana mwenye biashara, hata ya karanga, aje na daftari la miezi mitatu. Tutakaa mezani, si jukwaani, tutazame nani anakula mtaji na nani anajilipa. Majina yatabaki ndani. Namba za ushuru tutazijumlisha zote, soko kwa soko, na hizo ndizo tutakazopeleka kwenye mkutano wa hadhara. Hakuna ada. Katibu amekubali kutoa chumba, ila amesema tulete viti.

Waliojiandikisha mpaka jana ni saba. Mzee wa mlangoni ni wa nane, ameniambia ana hesabu za kahawa za miaka kumi na moja kwenye daftari alilolificha juu ya dari, na kwamba kuna mwaka mmoja hajawahi kuuelewa, anataka tuupige pamoja.

Mimi Jumatano napokea mzigo. Mwezi umeanza kupungua, mama amenipigia anasema wavuvi wameingia jana usiku na usipa upo, lakini debe limepanda, 41,000. Nimefungua daftari. Kwa bei hiyo fungu la buku linaniachia kidogo mno, kwa hiyo safari hii nachukua madebe sita.